Matundu Matatu na Sahihi Moja

Naandika haya nikiwa nimekaa wima. Wanaoyajua maumivu ninayoyasema watanielewa bila maelezo. Wengine jueni tu kwamba kuna mwaka mzima ambao sikukaa wima. Nilikaa upande, nilikaa nimejikunja, nilikaa sakafuni nimeegemea kabati la mafaili nikijifanya natafuta kitu kwenye droo ya chini. Kama na wewe umewahi kutafuta kitu kwenye droo ya chini kwa dakika ishirini, simulizi hii ni yako. Nimeingia chumba cha upasuaji mara mbili, na nimetoka mara mbili, kwa hiyo usiogope kusoma hadi mwisho.

Jina langu ni Sechelela, nyumbani huniita Seche. Nina miaka ishirini na saba na ninafanya kazi masjala, katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, Dodoma. Kwa wasioijua, masjala ni chumba cha mafaili. Barua ikiingia tunaipa namba, tunaipandisha kwa mkubwa, mkubwa anasaini, inashuka, tunaihifadhi. Chumba chetu hakina dirisha. Kazi yangu yote ni kungoja sahihi za watu, na naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililoniponza.

Tumbo lilianza nikiwa kidato cha pili. Enzi hizo lilikuja na hedhi na kuondoka na hedhi, na matroni alinipa Panado mbili na kuniambia kila mwanamke anaumwa, nisijidekeze. Nilipoanza kazi lilikuwa halingoji tena hedhi wala mwezi. Lilikuja lilipotaka. Lilikuwa kama mtu anakamua nguo nzito humo ndani, na akishaikamua anaanza upya. Likashuka mgongoni, likashuka mguu wa kushoto. Kwenda haja kubwa kukawa jambo la kujiandaa, nikauma upindo wa khanga ili watu wa nyumbani wasisikie.

Halafu tumbo likaanza kuvimba. Asubuhi sketi inafunga, saa tisa zipu haifiki hata nusu. Nikaanza kufunga kibwebwe ndani ya nguo za ofisi, khanga imekazwa kiunoni kama mwanamke anayekwenda kutwanga. Wenzangu waliangalia tumbo, kisha wakaangalia kidole changu kisicho na pete, kisha wakaangalia pembeni. Mmoja alithubutu kuniuliza, "Dada Seche, kuna heri?" Nikamwambia kuna heri sana, nimeshiba mafaili.

Ninaishi Miyuji kwa shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilea tangu nilipokuwa na miaka saba, mama alipofariki hospitalini. Habari za kifo cha mama hazikuzungumzwa kwetu. Ukiuliza, unatumwa chumvi. Shangazi ni fundi cherehani, anashona sare za shule na magauni ya kitchen party, na katika mambo ya tumbo la mwanamke hakuna daktari anayemfikia kwa uhakika.

"Hilo ni chango," alisema. "Mama yetu alikuwa nalo, mimi nilikuwa nalo. Ukizaa litatulia."

"Shangazi, nizae na nani? Na mafaili?"

"Wanaume hawajaisha Dodoma hii. Hama ulipojificha."

Alinichemshia mizizi. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, maji meusi machungu yanayong'ang'ania kooni hadi adhuhuri. Simcheki. Aliamka kabla ya jua kuyachemsha, na siku moja nilimkuta amesinzia jikoni akilinda sufuria isifurike. Lakini sikupona, na kila nisipopona ilionekana kama nimemkosea yeye.

Hospitali nako nilikwenda. Mara tatu nilipigwa ultrasaundi, na mara tatu nilipangusiwa ile jeli ya baridi nikapewa habari njema kwamba tumbo ni safi kabisa. Hakuna kifungo kibaya kama hicho. Ukiwa na ugonjwa wenye jina, watu wanakuletea uji. Ukiwa na tumbo safi, unakuwa mwongo anayetembea ameinama. Mkuu wangu wa kazi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, aliniuliza kwa upole kabisa, "Sechelela, hii ni ruhusa ya nne mwezi huu. Vipimo vimesema nini?"

"Vimesema tumbo safi, mama."

"Sasa?"

Ile "sasa" ilinifuata hadi kitandani. Nilianza hata mimi kujiuliza. Labda ni kweli najidekeza. Labda wanawake wote wamebeba hili na wanafua, wanapika, wanacheka, ila mimi tu ndiye nimekuja duniani nikiwa laini.

Mwezi wa kumi na moja, lile joto la kungoja mvua, nilianguka masjala. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka tu sakafu ilikuwa ya baridi na nilifurahi kuwa chini. Nikapewa barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa wanawake. Nilimwona mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshakolea. Alikuwa mwanamke mfupi, anaongea haraka, na hakuishika hata ile bahasha ya picha zangu.

"Picha haioni kila kitu," alisema. "Inabidi tuchungulie. Tunatoboa matundu madogo matatu, tunaingiza kamera. Tukikuta kitu tunakitoa humo humo. Hatupasui tumbo zima."

Nililia pale pale. Si kwa hofu. Ni kwamba alisema "tuchungulie", na mtu hachungulii mahali anapojua hapana kitu. Alinipa tarehe, mwisho wa mwezi wa pili, na karani wake akanipa fomu ya ridhaa, akaniambia nije na ndugu wa kuniangalia.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nalisema ili wewe usilirudie. Niliifikisha fomu nyumbani, shangazi akaipokea kwa ncha za vidole, akasema, "Hii ni ya baba yako." Na mimi nikaitikia. Kwetu fomu zote ni za baba. Fomu ya bweni, fomu ya mtihani, fomu za chuo nilipokuwa Chimwaga, zote alisaini yeye, na hasaini kwa kuchora mkia kama wakubwa wa Mtumba. Anaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kazini faili halitembei bila sahihi ya mkubwa. Nyumbani mkubwa ni baba. Sikuona tofauti.

Jumamosi nikaenda kijijini. Baba ana shamba la zabibu, na ulikuwa msimu wa kuvuna. Nilimkuta kati ya mistari ya mizabibu, kisu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Dada yangu hapiki?"

Nikampa fomu. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kidole kilifika katikati kikasimama. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Tumalize kuvuna kwanza," akasema.

Sikubisha. Zabibu zikiiva hazimngoji mtu, hilo nalijua tangu utotoni. Nikarudi mjini. Mwisho wa mwezi wa pili ukafika, nikapiga simu, akasema bado wanavuna. Tarehe yangu ikapita, nikaenda kuomba nyingine, nikapewa katikati ya mwezi wa nne. Mwezi wa tatu nikapiga tena, akasema sasa wanapogoa matawi. Kupogoa anakusimamia mwenyewe, hamwachii kibarua. Nikakata simu nikiwa na hasira ya aibu, mtu mzima anayegombea nafasi na mizabibu, na anashindwa.

"Baba yako hajakataa," shangazi alinituliza. "Asiyekataa amekubali. Subiri."

Nilisubiri nikiwa sakafuni. Sementi ya chumba changu ilikuwa na nyufa tatu, na hadi leo naweza kukuchorea zote. Nilikuwa nalala juu ya khanga, chupa ya maji ya moto tumboni, nasikiliza cherehani ya shangazi sebuleni. Ikikimbia, naye anawaza mengine. Ikisimama, anasikiliza kama nalia. Niliacha kunywa maji mchana ili nisiende chooni. Niliacha kwenda kanisani kwa kuwa viti ni vya mbao na ibada ni ndefu. Marafiki walipiga simu, kisha wakatuma ujumbe, kisha wakatuma salamu kwa shangazi. Mwili ulikonda, tumbo likabaki. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa na sikuwa na pa kwenda.

Tarehe ya mwezi wa nne baba aliahidi atakuja. Tulifika hospitali mimi na shangazi saa kumi na mbili asubuhi, tukakaa kwenye benchi la korido. Mabenchi hayo wengi wenu mnayajua. Televisheni juu, sauti imezimwa, na kila mlango ukifunguka shingo zote zinageuka. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, mwenye baibui jeusi, aliniona nimejikunja akaninong'oneza, "Egemea kwangu mwanangu, mie nina mwili mkubwa, siumii." Nikaegemea bega la mtu nisiyemjua kwa saa mbili. Hakuniuliza ninaumwa nini. Sijawahi kumwona tena, na ninamwombea.

Saa tatu baba hakuwepo. Saa nne nesi akaita jina langu.

"Fomu iko wapi?"

"Iko kijijini, kwa baba."

"Baba ndiye anayeumwa?"

"Hapana. Naumwa mimi."

"Sasa fomu yako inafanya nini kwa baba?"

"Anatakiwa asaini."

Aliniangalia, akamwangalia shangazi, akanirudia. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Nani kakwambia asaini baba?"

Nikamgeukia shangazi. Hospitali hakuna aliyeniambia; alisema yeye, nikaitikia mimi. Nesi akavuta droo, akatoa fomu nyingine, akaiweka mezani na kuutia kidole mstari mmoja. Uliandikwa "Sahihi ya Mgonjwa". Nikausoma. Nikausoma tena. Mimi, mtu ninayelipwa mshahara kwa kusoma mistari hiyo, niliyemrudishia mkurugenzi barua kwa kusaini pasipo pake, nilikaa miezi mitatu sakafuni nikiisubiri sahihi ambayo ilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kucheka, tumbo likanikataza.

Shangazi alinishika kifundo cha mkono. "Seche, ngoja tumpigie baba yako."

Tukapiga. Iliita hadi ikakatika. Tukapiga tena, ikaita hadi ikakatika.

"Ukisaini bila yeye," shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "mimi nitamwambia nini?"

"Mwambie nimesaini."

Msidhani nilijisikia shujaa. Nilijisikia kama mwizi. Sahihi yangu ya siku ile haifanani na ya benki. Nesi aliichukua bila hata kuitazama, akaita mwingine.

Ya ndani sina mengi ya kusimulia. Chumba kina baridi, taa ni kubwa, mtu wa nusu kaputi anakuuliza umesoma wapi, na kabla hujamaliza kujibu umeshaamka ni mchana mwingine. Nilichokitarajia ni maumivu ya tumbo. Kilichoniamsha ni bega.

"Dada," nilimwambia nesi wa wodini, "mmenipasua bega?"

Akacheka. "Ni ile hewa tuliyokujaza tumboni. Inatafuta njia ya kutoka. Amka utembee." Nikatembea, mkono mmoja ukutani, nikijamba kwa heshima zote. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu bega, kwa hiyo mimi nawatahadharisha ninyi.

Jioni daktari akaja. Aliniambia amekuta nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi, imeota nje pasipo pake, imegandisha utumbo pamoja na kifuko cha mayai cha kushoto. Ugonjwa una jina refu, endometriosisi. Ameikwangua na kuitoa. "Kifuko tumekiokoa," alisema, "ila ungezidi kuchelewa, sijui. Na inaweza kurudi, kwa hiyo tutaonana." Kisha akaongeza, akiwa ameshageuka, "Hukuwa unajidekeza."

Nilifurahi. Nasema wazi, niliambiwa nina ugonjwa usio na dawa ya kuumaliza na nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi.

Nyumbani majirani walikuja kuona mshono. Nikawaonyesha plasta tatu ndogo, moja kitovuni, mbili pembeni. Wakatazamana. Shangazi ndiye aliyewasemea: "Sasa hapa wamekupasua au wamekuchanja?" Hata nikiwa mgonjwa wa kweli nilikuwa sina cha kuonyesha. Lakini mchana ule ule alinisongea ugali laini wa uwele na mlenda, akanilisha kwa mkono wake, na yale maji meusi sikuyaona tena.

Siku ya nne baba akaja. Alivaa shati lake la kanisani na alibeba ndoo ya zabibu, za mstari mmoja uliochelewa kuiva. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga kwa namba, kama mafaili. Tulisalimiana, akakataa kiti, akatia mkono mfukoni akatoa fomu yangu, imekunjwa mara nne, imelainika kwa jasho hadi mikunjo imetoboka. Haikuwa na sahihi.

"Kuvuna kulichukua wiki mbili tu," alisema.

Cherehani ilikuwa inakimbia sebuleni.

"Ya mama yako nilisaini. Mlangoni pale, wakanipa kalamu, nikaandika jina langu lote. Wakamwingiza." Alikunja ile fomu tena. "Hakutoka, Seche. Tangu hapo nimesaini za shule, nimesaini za chuo. Hii kila siku naifungua, naishika kalamu, mkono unakataa."

Cherehani ikasimama.

Miaka kumi na tisa nilikuwa natumwa chumvi, na jibu lilikuwa hilo. Ningependa kuwaambia kwamba hasira iliisha palepale. Haikuisha. Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilienea chumba kilekile. Nilimwambia, "Baba, ningekufa nikikusubiri." Akasema, "Najua." Kisha akakaa kitini, akaanza kunichambulia zabibu, zilizopasuka kwake, nzima kwangu.

Kipupwe kilinikuta kwenye sindano za kuzuia hedhi, zenye kuleta joto mwilini. Dodoma yote imevaa masweta, mimi nafuta jasho na kujipepea kwa jalada la faili. Mkuu wangu alinikuta hivyo, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba na yeye, enzi zake, alikuwa na droo yake ya chini. Hakuniambia zaidi, lakini hakuniuliza "sasa" tena.

Upande wa kushoto ulirudi kusumbua mwaka ulipokaribia kuisha. Si kama mwanzo, ila nilikuwa nimeshaijua sauti yake, sikungoja. Daktari akasema tuchungulie tena, na yale ya mara ya pili yalikwenda vizuri, ndiyo maana nimekaa wima. Ninachotaka kuwaachia ni asubuhi ya kabla.

Baba alikuja mjini siku moja mapema. Saa kumi na mbili tulikuwa benchini, shangazi, yeye na mimi katikati. Alikuwa amevaa shati lile lile. Kila mlango ulipofunguka aligeuza shingo pamoja na wenzake, na goti lake lilikuwa limegusa langu.

Nesi akaita jina langu. Akaweka fomu mezani. Baba ndiye aliyefika kwanza. Aliichukua kalamu, akaitoa kifuniko, akaigeuza, akanipa mimi.

Nikasaini. Nesi akanyoosha mkono kuichukua fomu, lakini baba alikuwa ameshaiwekea kiganja juu.

"Huu mstari wa chini ni wa nani?" aliuliza.

"Wa shahidi, mzee. Naweza kuweka mimi."

"Hapana," baba alisema. "Lete."

Akainama, ulimi ukatoka kidogo pembeni mwa mdomo, akaanza kuandika jina lake lote, herufi kwa herufi. Alichukua muda mrefu. Korido ilikuwa imejaa, na hakuna aliyemharakisha.